Lisomwe Jina la Mfaume

Tandika nzima ilimjua Mfaume Khalfani kwa jina la Mgema, na wala tone la tembo halijapata kupita kooni mwake. Mnazi hajaukwea tangu aachane na utoto. Kazi yake ilikuwa kushona viatu mbele ya nyumba ya mama yake, karibu na soko, amekalia kigoda alichokipunguza miguu ya upande mmoja ili nyonga yake ya kushoto ipate nafuu. Akitaka kusimama ilimbidi ashike kwanza mwimo wa mlango, kisha goti, kisha amtaje Mungu. Akitembea, bega moja linazama na kuibuka, na vijana wa kijiwe cha mkabala hawakuacha kuulizana kwa sauti ya kusikika: hivi siku ile alipoanguka, kibuyu kilipona?

Mfaume hakuanguka mnazi. Nyonga ile ilivunjikia Uganda, Mei ya mwaka sabini na tisa, wakati vita viko ukingoni na watu wanahesabu siku za kurudi makwao. Lori lililombeba yeye na wenzake kumi na mmoja lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani. Likaruka, likapinduka. Wanne walikufa palepale. Koplo Mfaume alichomolewa chini ya vyuma hajitambui, akapelekwa hospitali ya kambini, na huko wakamfungia kadi kwenye kifungo cha shati kama mzigo unaosafirishwa.

Jina la Mgema alimpachika rafiki yake mwenyewe. Kornelio, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwamo katika lori lilelile. Yeye alirushwa majanini, akatoka na mikwaruzo. Siku Mfaume aliporudishwa nyumbani na magongo mawili, ndugu walijaa uani, wanawake wanalia utadhani imeletwa maiti. Kornelio, mtani wa Wazaramo, akaona ni juu yake kuyakausha machozi yale. Akasimama katikati ya uwanja, akawaambia wasimwamini huyu. Mzaramo hata vitani akiona mnazi hatulii. Kakwea, kaanguka, sasa anataka aitwe shujaa. Mtu mmoja akauliza kama Uganda kuna minazi. Kornelio akajibu kwamba ulikuwapo mmoja, na huyu ndiye aliyeuona. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mfaume naye alicheka, kwa sababu mtani hanuniwi.

Lakini waliocheka siku ile walihama, walikufa, walisahau. Kornelio mwenyewe akahamia Segerea kwenye kazi ya magereza. Utani ukabaki Tandika peke yake, hauna mwenyewe wa kuueleza, na watoto waliozaliwa baada ya vita wakauokota wakadhani ni habari ya kweli.

Alipoachishwa jeshi alipewa kazi ya kulinda lango la kiwanda cha umma. Mwaka tisini na mbili kiwanda kikauzwa, na mwenye mali mpya akataka walinzi wanaoweza kumkimbiza mwizi. Mfaume hangeweza kumkimbiza hata kuku. Ndipo akashika uzi na msharasi wa kutobolea ngozi. Viatu vya mitumba vilikuwa vikimiminika. Ulaya walivua, Tandika wakavaa, na Mfaume akashona palipoachia. Alikuwa fundi mzuri, na hilo nalisema ili isije ikadhaniwa kwamba alikuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Kiatu alichokishona yeye kilikufa na mwenyewe.

Juu ya kichwa chake, kwenye kizingiti cha juu cha mlango, ilining'inia hirizi ya ngozi nyeusi, yenye ukubwa wa kiganja. Mama yake, Bi Tunu, aliitundika mwaka uleule wa vita. Moshi na vumbi vilikuwa vimeipaka rangi ya ukuta, na Mfaume alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea pua yake.

Mwaka tisini na nne, mwezi wa Rajabu, redio ikatangaza. Imeundwa kamati ya kuwatambua wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Atakayekubaliwa atapewa hati na nishani, na jina lake litasomwa uwanjani mbele ya wananchi. Aje na kadi ya hospitali ya vitani. Asiye na kadi, aje na mashahidi wawili waliokuwapo siku alipojeruhiwa. Mwisho ni Alhamisi ya mwisho ya Shaabani.

Mfaume aliacha kiatu cha watu kikiwa na sindano ndani yake, akaingia ndani kumwambia mama yake. Miaka kumi na tano alikuwa na karatasi moja tu ya jeshi, nayo ilisema ameachishwa kwa sababu za afya, kama aliyekuwa na kikohozi. Nishani ingekuja, ahsante. Lakini alichokitaka hasa ni ule usomaji. Alitaka kipaza sauti kiseme: Koplo Mfaume Khalfani, majeruhi wa vita. Na wale vijana wa kijiweni wawepo wasikie, mmoja mmoja, na kesho yake wapite mbele ya kigoda chake wakitazama chini.

“Waswahili wamesema, mcheza kwao hutunzwa,” akamwambia mama yake. “Mie nimecheza, mama. Sasa nitunzwe.”

Bi Tunu alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. “Inshallah, baba,” akasema, na mkono wake ukawa unapita juu ya chuya bila kuziokota.

Kadi ikatafutwa. Mfaume na mkewe Rukaiya walipindua sanduku, wakakung'uta mkoba wa jeshi, wakafumua hata godoro. Aliikumbuka kadi ile kama mtu anavyokumbuka ndoto: ya rangi ya kaki, ina kamba, imeandikwa kwa Kiingereza na mwandiko wa daktari. Yeye hakupata kuisoma. Elimu yake ya darasa la saba ilimtosha kwa Kiswahili, na siku chache baada ya kurudi nyumbani homa ilimpanda hata jina lake hakulijua. Aliporudi kwenye akili zake, kadi haikuwapo, naye hakuiulizia. Nani alijua kwamba siku moja nchi itamwambia athibitishe kuwa nyonga yake imevunjika?

Akaenda Segerea kwa Kornelio. Kornelio alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na la kumtania.

“Mtani, lile jina nimekupa mie,” akasema. “Shahidi wa kwanza amepatikana. Tumtafute wa pili.”

Lakini katika wale wanane waliopona, watatu walikuwa wamekwisha kufa, na wengine walitawanyika nchi nzima. Kornelio akauliza huku na kule. Akasikia kwamba Marijani, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa ya lori, analima huko Bunju. Akaenda mara mbili, hakumkuta. Shaabani ikaanza kumalizikia. Jumapili Kornelio akaleta neno: atajaribu mara ya tatu, na liwalo na liwe, Alhamisi asubuhi wakutane kwenye ofisi ya kamati.

Wakati wote huo Bi Tunu alikuwa akimtazama mwanawe. Alimwona akifungua sanduku lilelile kwa mara ya nne. Alimwona akikata tamaa, akiipata tena, akiipoteza. Jioni akishaswali magharibi aliketi ukumbini, akaukazia macho mlango, midomo ikitembea. Rukaiya alidhani mkwewe anamwombea mumewe apate kadi. Kumbe alikuwa akiomba asiipate.

Jumatano alasiri Mfaume aliingia ndani, akajiketisha sakafuni, jambo ambalo hakulifanya kamwe kwa sababu ya tabu ya kuinuka. Alikuwa ametoka kusikia kijiweni kwamba Mgema naye anataka medali, na kwamba huenda serikali imeanza kuwatunza walioanguka minazi.

“Bora ningekufa kulekule,” akasema. “Waliokufa majina yao yanasomwa kila mwaka.”

Bi Tunu akaweka tasbihi chini. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini kasoro, macho yameanza kuingia ukungu, na katika maisha yake alizika watoto watatu. Huyu ndiye aliyebaki. Neno lile lilimwingia kuliko hofu aliyoibeba miezi miwili.

“Kadi iko juu ya mlango,” akasema.

Mfaume hakuelewa. Ikabidi mama amweleze tangu mwanzo. Mwaka ule, siku chache baada ya Mfaume kurudishwa nyumbani, homa ilimpanda akawa anaweweseka, na yeye mama akaenda kwa Mwalimu Awadh wa chuo cha Kurani, yule Mwarabu wa Mtoni, Mungu amrehemu. Mwalimu akamwambia alete kitu chenye jina la mgonjwa, kilichokuwa mwilini mwake saa ile alipokikosa kifo. Kitu gani kingefaa kuliko kadi ile? Ilikuwa imefungwa kifuani pake, imemvusha kutoka Uganda mpaka Tandika. Mwalimu akaandika aya zake kwa zafarani, akazikunja pamoja na kadi, akashonea ndani ya ngozi. Akasema isifunguliwe maadamu mwenyewe yu hai. Siku ya tatu homa ikashuka.

“Ningekupa, ungepata nishani, halafu mie ningekuzika,” akasema Bi Tunu. “Nikasema, akose nishani.”

Mama yeyote wa mji ule angefanya hivyo. Hata mimi ninayesimulia, ambaye hirizi sizijui, nisingethubutu kumlaumu. Lakini Mfaume hakuwa katika hali ya kupima. Aliinuka kwa kuushika ukuta, uso umemvimba.

“Miezi miwili, mama,” akasema. “Miezi miwili unanitazama nikitafuta. Nakaa chini yake kutwa. Umenifanya mgema kweli.”

Hakuwahi kumwinulia mama yake sauti. Alisimama juu ya kigoda chake kibovu, Rukaiya amemshika kiuno, akaikata kamba. Kwa kisu cha kukatia ngozi akafumua mshono. Mwalimu Awadh alikuwa mtu makini: karatasi ya aya ilikuwa peke yake, na kadi imezungushiwa kitambaa kilichotiwa nta. Ilitoka safi, rangi yake ya kaki, kamba yake, maandishi ya wino wa bluu. Mfaume aliona jina lake na namba yake ya jeshi. Mengine yalikuwa Kiingereza cha daktari, mistari mitatu imelala kama nyasi baada ya mvua, wala hakujishughulisha nayo. Jina lilimtosha.

Alhamisi alitoka nyumbani bila kumwamkia mama yake. Bi Tunu alikuwa amekwisha kuketi mlangoni, pale pale chini ya msumari uliobaki mtupu, na ilimbidi Mfaume apite kando yake ili atoke.

Kamati ilikuwa katika ukumbi wa kukodi, mwendo wa nusu saa kwa mwenye miguu mizima na saa nzima kwa Mfaume. Alipofika, nani anamngoja kwenye benchi? Kornelio, amevaa shati la sikukuu, na kando yake mtu mwembamba mwenye udongo kwenye kucha. Marijani. Kornelio alikuwa amemvizia Bunju tangu alfajiri, akamkamata anakwenda shamba.

Marijani alimshika Mfaume mkono, asiuachie. “Nilidhani ulikufa,” akasema. “Mie ndiye niliyekushika miguu tulipokuvuta.”

Wakaitwa. Nyuma ya meza alikaa kapteni mmoja kijana, ana sare iliyopigwa pasi ikanyooka, na pembeni yake karani mwanamke aliyeitwa Benedicta mwenye daftari kubwa.

“Shikamooni, wazee wangu,” akasema kapteni. “Hawa ndio mashahidi?”

“Ndiyo sie, afande,” akajibu Kornelio. “Tulikuwa wote kwenye lori.”

“Mashahidi wa nini tena, mtani?” akasema Mfaume, na mkono wake umeshaingia mfukoni. Alikuwa akicheka. Miaka mingi uso wake haukucheka vile. “Mie nina kadi yangu.”

“Hebu ngoja,” Kornelio akamwambia. “Nimemtoa mtu shambani Bunju, halafu hata neno moja asiseme? Tuanze na sie, kadi itafuata.”

Kilikuwa ni kiherehere cha Kornelio tu, alitaka kazi yake ionekane. Laiti Mfaume angemwachia. Lakini mtu aliyeitwa mwongo miaka kumi na tano hataki kusemewa na watu. Anataka karatasi iseme. Akaiweka kadi mezani, akaisukuma kwa vidole viwili.

Benedicta akaandika daftarini kwamba kadi imepokewa. Kapteni akaisoma. Akaigeuza nyuma, akairudia mbele.

“Mzee, umepata kusomewa hii?”

“Bado, afande.”

“Inasema ajali ya barabarani. Gari limepinduka, abiria amevunjika nyonga.”

Ukumbini kulikuwa na watu wengi, lakini Mfaume alisikia kalamu ya Benedicta ikiwekwa mezani.

“Lilipinduka kwa bomu,” akasema Kornelio. “Watu wanne walikufa mbele ya macho yangu.”

“Bomu lilikuwa la adui,” akaongeza Marijani taratibu. “Barabara ilitegwa.”

Kapteni aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kuudhi, maana mtu mbaya unaweza kumtukana. “Nawaamini, wazee wangu,” akasema. “Mngekuja bila kadi, ningeandika maneno yenu na kutia sahihi sasa hivi. Lakini kadi ipo, na imeandikwa ajali. Waliopata ajali hawamo. Siwezi kuweka maneno ya mdomo juu ya maandishi ya daktari.”

“Basi nirudishie,” akasema Mfaume. “Fanya hukuiona.”

“Nimeshaiona, mzee.”

Maji yakimwagika hayazoleki. Nani alimwambia daktari yule kuwa ni ajali? Labda dereva wa gari lililowabeba, aliyelikuta lori limelala magurudumu juu. Labda daktari alikuwa na majeruhi arobaini na kalamu moja, akaandika la kwanza alilosikia, akaenda kwa mwingine. Alikuwa na haraka kwa dakika mbili, na Mfaume akalipa kwa maisha yake yote. Kapteni mwenyewe vita vilipopiganwa alikuwa darasa la sita, na huenda alikuwa akiimbishwa nyimbo za kuwasifu wapiganaji.

Kisha jina lake likasomwa. Benedicta alilitamka kwa sauti ili asilikosee, Mfaume Khalfani, akaliandika upande wa waliokataliwa, akamrudishia kadi yake.

Nje, Kornelio alitaka kumsindikiza. Mfaume akakataa. Akamshukuru Marijani, akamwomba radhi kwa siku ya shamba aliyoipoteza, akashika njia. Njiani aliyajumlisha mambo, akaona yalivyo. Mama angenyamaza siku moja zaidi, yeye angefika ukumbini mikono mitupu akawakuta mashahidi wake wawili, na sasa hivi angekuwa majeruhi wa vita. Hirizi ilikuwa ikimlinda kweli. Aliyeikata ni yeye, na kisu ni chake, na neno alilomwambia mama yake jana halikuwa limefutika.

Alifika baada ya alasiri. Bi Tunu alikuwa mlangoni palepale. Rukaiya akanong'ona kwamba mama hakuondoka tangu asubuhi ila kwa kutawadha na kuswali. Chakula amekula hapo hapo. Kasema mlango haulindwi, basi atakaa yeye mpaka mwenye mlango arudi. Mapajani pake alikuwa na ile ngozi nyeusi na karatasi ya aya.

Mfaume akaketi kwenye kigoda. “Nisamehe, mama,” akasema.

“Nimekwisha kukusamehe tangu jana,” Bi Tunu akajibu. Akamtazama kwa macho yake ya ukungu. “Wamekunyima.”

“Wameninyima.”

Bi Tunu alinyoosha mkono, Mfaume akampa kadi, naye akaipapasa pande zote kuona kama imerudi nzima. Kisha akamrudishia, pamoja na ngozi. “Ishone kabla ya magharibi,” akasema. “Mie macho hayaoni tena tundu la sindano.”

Mfaume akachukua msharasi, akaupaka uzi nta. Alipokuwa anaikunja kadi ndani ya kitambaa, mama akamgusa mkono.

“Ngoja. Mie nasoma Kurani, hizi herufi za Kizungu sizijui. Miaka yote hii nakilinda kitu, na hapana mtu aliyenisomea. Kimeandikwa nini?”

Vijana wa kijiweni walikuwa wamekaa kwenye matofali yao kule mkabala. Mfaume aliikunjua kadi. Akaishika mbali kidogo na uso, kama msomaji, akaitazama mistari mitatu ya wino wa bluu.

“Koplo Mfaume Khalfani,” akasoma. “Majeruhi wa vita. Ameumia nyonga, kwa bomu la adui, akiitumikia nchi yake.”

“Soma tena,” akasema Bi Tunu.

Akasoma tena, na safari hii alipaza sauti, kila neno peke yake. Kijiweni mtu mmoja akageuza kichwa. Bi Tunu alisikiliza akitikisa kichwa kwa kuridhika, kama asikiavyo aya anayoijua. Kisha akaacha kutikisa. Alikuwa mzee, lakini hakuwa mjinga.

“Sasa, baba, kama wamekwisha kuyaandika hayo wenyewe,” akauliza, “mbona wamekunyima?”

Mfaume aliinamia ngozi, akawa anatafuta tundu la kwanza la mshono wa zamani.